Sumuni Zilizokatwa Masikio

Siku nilipoolewa, mama mkwe wangu alinipa kondoo. Kwa desturi ya Wamaasai wa upande wa mume wangu, bibi harusi akifika bomani husimama nje na hakubali kuingia mpaka apewe mnyama, na kuanzia hapo yeye na aliyempa huitana kwa jina la mnyama yule. Wake wa mashemeji zangu walikuwa wamepewa ng'ombe, kwa hiyo wao na mama mkwe waliitana Pakiteng'. Mimi na yeye tuliitana Paker, watu wa kondoo.

Nilijua sababu. Mimi ni Mkamba, binti wa kibarua wa kiwanda cha saruji, na kwa mama mkwe watu wote wasiozaliwa Umaasaini walikuwa ilmeek, watu wa nje, wanaokuja na kalamu na kuondoka na shamba. Hakuniambia hivyo usoni. Aliniambia tu, siku ile ile, huku akinipaka mafuta kichwani, "Ng'ombe iko. Lakini kwanza tuone."

Boma lake lilikuwa ndani ya Kisaju, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabara ya Namanga. Mimi na mume wangu tulipanga chumba Kitengela. Yeye aliendesha lori la maji, mimi niliuza dawa za mifugo katika duka moja la agrovet. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kuisha, na Kitengela ilikuwa inakatwakatwa vipande. Kila wiki ungeona nguzo mpya na waya mpya mahali ambapo juzi ng'ombe walikuwa wanapita.

Kwa hivyo sitamlaumu mama mkwe kwa kushuku kwake. Ndugu mdogo wa marehemu mumewe alikuwa ametembelewa na mtu mwenye tai, mpole, aliyesema hataki kununua chochote, anataka tu kumsaidia mzee ajue bei ya ardhi yake. Walizunguka shamba pamoja, wakanywa chai, mzee akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kuonyesha kwamba ametembelewa. Kabla mwaka haujaisha, ua ulikuwa umesimama na mzee alikuwa anachunga mbuzi kando ya barabara. Tangu wakati huo, mtu akisema mbele ya mama mkwe "tuangalie tu bei," yeye husikia "tumeshauza."

Nilishangaa basi, miaka kadhaa baada ya harusi, siku aliponiita nyuma ya nyumba, mbali na wake wa mashemeji zangu, akafungua kopo lake la ugoro. Ndani hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na sarafu saba, nyeusi kama masufuria ya zamani.

"Hizi ni za baba yangu," alisema. "Alikuwa anauza ngozi kwa Mzungu, kule Kajiado. Hapendi karatasi. Alikuwa anataka chuma."

Nilichukua moja. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Kwa Kiingereza iliandikwa senti hamsini, tena ikaandikwa nusu shilingi, kana kwamba aliyeitengeneza hakuamini kwamba watu wangeelewa mara moja. Ilikuwa sumuni, ya kikoloni. Za utoto wangu zilikuwa nyepesi na zilikuwa na kichwa cha rais.

"Hii iko na ndevu," mama mkwe akanionyesha. "Na hii. Na hii. Hizi nne hazina ndevu. Ni wafalme wawili."

"Unataka kuziuza, Yieyo?" Paker lilikuwa jina la mbele za watu; tukiwa wawili nilimwita hivyo, mama, kwa lugha yao.

Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake kumi na mmoja mwaka uliotangulia, na wale waliobaki hawakuwa na mtamba hata mmoja. Kule sokoni Kisaju alikuwa amesikia kwamba kuna watu wanaotafuta pesa za zamani, na kwamba sumuni moja ya mfalme inaweza kununua ng'ombe.

"Sisemi nauza. Wewe umesoma. Uliza tu bei." Halafu akasikia alichosema, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Beba moja. Ukirudi na hiyo ndiyo nitakupa ingine."

Nilikosea usiku ule ule. Nilitaka sarafu ipendeze. Nikaiweka kwenye ndimu, nikaisugua kwa majivu na waya wa kusugulia sufuria, na uso wa mfalme ukatoka mweupe kama ameogeshwa kwa ajili ya kanisa. Nilijisifu kweli.

Nyuma ya stegi ya matatu ya Kitengela kulikuwa na kahoteli ambako mwanamume mmoja mwenye koti la kahawia alikaa Jumanne na Ijumaa na mizani ndogo mezani. Alinunua taa za shaba, saa zilizokufa, na sarafu za kale. Nilimpa ile sumuni. Aliigeuza mara mbili, akaipima, akairudisha.

"Imeoshwa hii. Haina kitu. Nitakupa thelathini, kwa sababu wewe ni mama."

"Thelathini?"

"Ya chakavu. Hii ni bati tu, mama." Halafu akanywa chai yake, na baada ya kumeza akauliza kama mtu asiyejali, "Zingine ziko?"

"Kama ni bati, za nini?"

Akacheka. Nilichukua sarafu nikaondoka. Nilijipongeza kwa kuwa mjanja, lakini sikujua kwamba mwenye kahoteli ananijua, na kwamba nilipotoka tu aliulizwa mimi ni mke wa nani na boma la mume wangu liko wapi, na akasema.

Jumapili nilirudisha sarafu. Mama mkwe aliiweka kiganjani, akaipeleka kwenye jua, akaiweka kando ya zile sita.

"Hii si yangu."

"Ni yako, Yieyo. Nimeiosha."

"Kwa nini? Ilikuwa mgonjwa?"

Nilimweleza habari ya ndimu na majivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaifunga ile sarafu peke yake kwenye kitambaa, mbali na zile sita, kama unavyomtenga mnyama uliyemnunua na hujui katoka zizi gani.

"Yangu ilikuwa nyeusi," alisema, na hilo likaisha.

Kisha, wiki iliyofuata, yule wa koti la kahawia akafika bomani. Alikuja na sukari kilo mbili na mkate, akasalimia vizuri kwa Kimaasai, akasema, "Nimetumwa na mke wa mwanao, yule wa agrovet. Amesema nije nizione zile zingine."

Mama mkwe alimfukuza kwa fimbo ya kuchungia. Sukari aliirusha nje ya ua. Lakini maneno hayakurushwa nje. Jioni mume wangu alipaki lori, akaingia chumbani bila kuvua viatu.

"Ulimtuma mtu kwa mama?"

"Hapana."

Alikaa kitandani. Alikula. Nilipokuwa naondoa sahani akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Hukumtuma, sivyo?"

Ni hilo la pili lililoniuma. Nilimwambia kwamba kama mama yake ananiona mwizi, basi aseme, na kama yeye pia ananiona mwizi, aseme yeye kwanza. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunapishana kwenye kile chumba kama wapangaji wawili.

Ndiyo maana nikaamua kwamba bei ya zile sarafu itajulikana, na itajulikana mbele ya mama mkwe mwenyewe. Baba yangu alinielekeza kwa mzee mmoja wa Kajiado mjini, karani mstaafu wa reli, mtu wa kwetu Ukambani, aliyebaki huko baada ya kustaafu. Huyu, baba alisema, alikuwa anakusanya sarafu tangu ujana wake, wala hakuwa mchuuzi. Alikuwa na vitabu. Alikuwa mzee wa kanisa.

Nilipompelekea mama mkwe habari hiyo alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. "Tutaenda sisi wawili. Nitabeba mimi."

Asubuhi ya safari nilimkuta ameketi mlangoni, tupa ya kunolea panga iko mapajani. Alinyoosha mkono akanionyesha zile sita. Kila moja ilikuwa na mapengo mawili upande mmoja wa ukingo na pengo moja upande wa pili. Nilizitambua mara moja. Kwa kazi yangu nilikuwa nimeyaona masikio ya ng'ombe wa ukoo wao mara nyingi, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yao.

"Sasa hata wakibadilisha nitajua," alisema.

"Na ile ya saba?"

"Siwezi kuweka alama yangu kwa mnyama ya mtu mwingine."

Nilitazama chembe za fedha zilizomwagika kwenye shuka yake. Niliona ni akili.

Yule karani mstaafu aliishi katika nyumba ya mawe karibu na reli, na mkewe alikuwa ameenda shambani Ukambani. Alitukaribisha vizuri. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akaleta kioo cha kukuzia na kitabu kinene kisicho na jalada. Kabla hajagusa chochote alinionyesha jinsi ya kushika sarafu: kwa ukingo, vidole viwili, kamwe usiguse uso wake. Alisema watu wengi huua sarafu kwa kuiosha. Nilihisi uso ukinichoma. Alisema mtu hulipia nywele za mfalme, kama bado zinaonekana, na manyoya ya simba, na mwaka, kwa sababu iko miaka ambayo zilitengenezwa nyingi na iko miaka ambayo zilitengenezwa chache.

Mama mkwe alifungua kopo na kuzipanga mwenyewe. Mzee aliona yale mapengo, akaweka kioo chini.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," mama mkwe alisema.

"Mama, umezikata masikio!"

"Ndiyo. Ni zangu."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda, kisha akaanza kazi. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa ya mfalme mwenye ndevu. Aliiinua, akaisogeza karibu na dirisha, na mkono wake ukasimama. Nilikuwa nimekaa mahali pa kuuona. Baadaye akaishusha, akaichanganya na zile nyingine kwa kidole, na akazipitia zilizobaki haraka haraka.

"Ni zile zile za kawaida," alisema kwa Kiswahili. "Bila hizi alama zingekuwa na maana. Sasa nitawapa mia mbili mbili, ya heshima tu."

Kisha, bila kubadilisha sauti, bila hata kunitazama, akaendelea kwa Kikamba kana kwamba ananiuliza habari za kwetu. Alisema ile ya tatu si kama wenzake. Alisema hata ikiwa imekatwa ina bei. Nirudi peke yangu, niibebe, tutaelewana kama watu wa nyumba moja. "Na huyu," akamaliza, "ndukamutavye." Usimwambie.

Nikajibu kwa Kikamba kwamba nimesikia.

Nimefikiria jibu hilo mara nyingi. Kwa lugha yetu, kusema umesikia kunaweza kuwa kukubali, na kunaweza kuwa adabu tu mbele ya mtu mzima. Nilipolitamka mimi mwenyewe sikuwa nimechagua.

Mama mkwe aligeuka. "Anasema nini?"

"Ananiuliza kwetu ni wapi."

"Mwambie basi," alisema. Akazikusanya sumuni moja moja, akizihesabu kwa Kimaasai, akafunga kopo. "Mia mbili ni kidogo. Tutafikiria."

Tulipofika katikati ya mji alinunua chapati mbili na chai. Sikuweza kumaliza yangu. Alinitazama, akachukua nusu ya yake ambayo hajaigusa, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula. Ni mbali." Hakuwa amewahi kunitendea hivyo. Nilitafuna nikiwa nimeinamisha kichwa.

Siku nne zilipita. Nilikuwa na sababu zangu, na nitaziandika kama zilivyokuwa. Nilijiambia kwamba nikimwambia mama mkwe kuna sarafu yenye thamani na siijui thamani yenyewe, ataniona ninapanga njama na Mkamba mwenzangu. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine pia: mtoto wetu wa kwanza alikuwa anaanza shule, kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, na mwanamke aliyenipa kondoo alikuwa anazihesabu sarafu zake kila nilipoingia. Nilifikiri: anayeshukiwa bure ana hasara gani? Mume wangu nilimficha. Alikuwa ameuliza mara mbili, basi asijue mara moja.

Siku ya tano niliomba ruhusa kazini nikaenda Kajiado peke yangu. Sikuwa na sarafu. Sikuwa na namna ya kuipata, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu sijui ningefanya nini.

"Umekuja nayo?" mzee aliuliza mlangoni, kabla ya salamu.

"Nimekuja kuuliza bei."

Hakupenda, lakini alinikaribisha. Alisema atatoa elfu tatu. Nimpelekee mama mkwe mia mbili zake alizosikia, zilizobaki nisomeshee watoto. Nikamwomba anionyeshe kitabuni. Alifungua ukurasa na kuniwekea kidole kwenye mwaka, ambao ulikuwa wa miaka ya ishirini, na kidole chake kingine, kile gumba, kikalala juu ya tarakimu za pembeni.

"Toa kidole, mzee."

"Hizo ni za sarafu isiyo na kidonda. Hazikuhusu."

"Hata hivyo."

Akafunga kitabu. Akaniambia, sasa kwa Kiswahili, kwamba sisi vijana hatuna shukrani, na kwamba yule mama mkwe wangu hata hajui kusoma, kwa hiyo hatajua amepungukiwa na nini. Nilimwangalia, mzee wa kanisa, rafiki wa baba yangu, nikakumbuka yule mtu wa tai na karatasi yake ya kidole gumba, aliyekuja kumwonyesha mzee wetu bei. Na nikaona kwamba safari hii mwenye tai ni mimi.

Sikurudi Kitengela. Nilishuka Kisaju nikatembea ile saa nzima, na jua likiwa linaelekea kuzama nikamkuta mama mkwe anakamua. Sikungoja amalize. Nilimwambia yote: neno la Kikamba, jibu langu, uongo wa kwamba niliulizwa kwetu ni wapi, safari ya leo, zile elfu tatu, kidole juu ya kitabu. Niliongea nikiwa nimesimama nyuma ya ng'ombe na yeye hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia kwenye kibuyu.

Alipomaliza akasimama, akaufungua mguu wa ng'ombe, na akasema kwa sauti iliyotulia kabisa:

"Ndukamutavye."

Alilitamka vizuri. Alilitamka kama mtu wa kwetu.

"Mimi nimezaliwa Mashuuru," alisema. "Nikiwa msichana tulikuwa tunachota maji kisima moja na Wakamba. Tunapeleka maziwa, wanaleta mahindi na vibuyu. Nilijua Kikamba kabla sijajua hii Kiswahili."

Nilikaa pale pale kwenye samadi.

"Kwa nini hukusema kule? Mbele yake?"

"Yeye nilishamjua. Nilikuwa naangalia wewe." Alifunika kibuyu. "Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Leo mtu wa Kisaju ameniambia umeonekana Kajiado. Nikasema, basi."

"Na kama nisingekuja, Yieyo?"

"Ningejua bei yako."

Hakunikumbatia, na hakulia, wala mimi sikulia, angalau si mbele yake. Aliniambia nibebe kibuyu. Usiku huo nililala bomani, na asubuhi nilirudi Kitengela nikamweleza mume wangu mambo yote. Aliniomba msamaha kwa lile swali la pili. Nikamwambia lilikuwa swali zuri kuliko nilivyotaka kukubali.

Wiki iliyofuata tulirudi Kajiado, mimi na mama mkwe. Mzee alitufungulia akiwa na tabasamu, na mama mkwe akamsalimu kwa Kikamba: "Wakya?" Kisha akamuuliza habari za mkewe, za shamba, za mvua ya Ukambani, zote kwa Kikamba, kwa upole, bila haraka hata kidogo. Sijawahi kuona mtu akizeeka haraka hivyo mlangoni kwake. Alikohoa. Alitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

"Lete kitabu," mama mkwe akamwambia. "Huyu mtoto wangu atasoma. Wewe weka mikono huko."

Nilisoma. Bei ilikuwa kwa pesa za nje, na mbele ya mzee nilizigeuza kuwa shilingi kwa kalamu, kwa kiwango nilichokuwa nimeuliza benki Kitengela. Kitabu kilikuwa na bei tatu kwa kila sarafu: ya iliyochakaa, ya nzuri, na ya ile ambayo ni kama haijawahi kushikwa na mtu. Ile yetu, kabla ya tupa, mzee mwenyewe alikiri kwamba ingeingia kwenye nzuri. Ya nzuri ilikuwa ni mtamba, na pengine na chenji. Chini ya ukurasa kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema sarafu iliyokwaruzwa, kutobolewa au kuoshwa bei yake ni maelewano.

"Basi tuelewane," mama mkwe alisema.

Waligombania bei kwa karibu saa mbili nzima, kwa Kikamba cha sokoni, na mwishowe ile sumuni ya mwenye ndevu ikaenda kwa elfu tano. Zile nyingine tano mama mkwe hakutaka kuziuza kwa bei yoyote. Alisema za mia mbili si za kuuza, ni za kukumbuka baba. Pesa alizihesabu, akanipa nizihesabu, akazihesabu tena. Zilinunua mbuzi majike wanne, maana baada ya ukame bei ya mtamba ilikuwa haishikiki.

Njiani nilimuuliza kama anaijutia ile tupa. Nilidhani atasema ndiyo.

"Kama singezikata, singelala," alisema. "Elfu ngapi hiyo, kutolala?"

Na msidhani mambo yalinyooka tangu siku ile. Alianza kunituma na kuniamini na vitu vingi: chanjo, pesa ya karo ya wajukuu, hata kitambulisho chake wakati wa kusajili mipaka ya shamba, ambapo alinikalisha kando yake nisome kila karatasi kabla hajaweka kidole, na mara mbili nilimwambia asiweke. Lakini ile sumuni ya kung'aa hakuikubali kamwe. Miaka minane baadaye alikuwa bado anaitaja. "Ile si yangu. Wewe ni mkweli, lakini ile si yangu. Walikubadilishia na hukuona." Niliapa, nikachoka kuapa. Mwishowe hata mimi, nikikumbuka jinsi yule wa koti la kahawia alivyoigeuza mara mbili mkononi mwake, nilianza kujiuliza kama kweli ndiyo niliyotoka nayo.

Yule karani hatukumwona tena. Nilisikia amehamia kwao.

Mwaka wa elfu mbili na kitu, Kitengela ilipopata saiba kadhaa, vile vibanda vya kompyuta zenye mtandao, niliingia siku moja kutuma barua ya kazi, na dakika zilizobaki nikaandika jina la ile sarafu na mwaka wake. Zilitokea. Kulikuwa na picha yake, simba na milima, ukingo mzima, na mtu wa nchi ya mbali alikuwa anaiuza kwa bei iliyonifanya nisogee karibu na kioo nihesabu sifuri. Niliinakili kwenye karatasi. Jumamosi nikaenda nayo Kisaju, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujifunza kutoficha bei yoyote katika boma lile, hata ya hasara.

Mama mkwe alikuwa amezeeka, macho yamepata ukungu, lakini alitaka nimsomee tarakimu moja moja. Nikamsomea.

"Huyu anayeuza," akauliza, "umemwona uso?"

"Hapana, Yieyo. Yuko kwa mashine."

"Na mtu amenunua?"

"Bado. Ni bei anayotaka."

"Hata mimi nilikuwa nataka ng'ombe kwa sumuni," alisema. Akachukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia chini ya shuka yake. "Nani mwingine amesoma hii?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Na mwenye mashine?"

Nikamwambia mwenye saiba ni kijana, alikuwa ameshika simu yake, hakutazama. Aliuliza kijana huyo ni wa kwa nani. Nikasema simjui. Akasema nimtafutie jibu kabla sijarudi tena kule, na kwamba ndama wawili wadogo walikuwa wamejitenga upande wa bonde, twende tuwarudishe kabla ya giza. Nilimshika mkono kwa sababu ya macho, na tukashuka polepole, yeye akiniuliza bado habari za huyo kijana.